Jinsi ya kuiona homurani ikija: namna ya kuangalia besiboli kuanzia iningi ya saba

Watu wengi ninaoongea nao kuhusu besiboli ya Marekani wanaiangalia kwa kuanzia mwisho. Asubuhi wanafungua video fupi, mpira unapaa, uwanja unalipuka, wachezaji wanamsubiri mwenzao nyumbani wakirukaruka, basi. Wanabaki na picha ya mtu mmoja mwenye nguvu na pigo moja la bahati. Ninachotaka kukuonyesha ni kwamba homurani inayoamua mchezo katika iningi ya nane, ya tisa au ya kumi huwa imeanza kujengwa wapigaji watatu wanne nyuma, tena mara nyingi na watu ambao gongo lao halikugusa mpira kabisa. Ukijua pa kutazama, utakuwa umeshakaa wima kabla mrushaji hajauachia mpira ule.

Nachukulia kwamba sheria za mwanzo unazijua. Timu inapiga mpaka ipate auti tatu. Zamu ya mgeni na zamu ya mwenyeji kwa pamoja ni iningi moja, na mchezo una iningi tisa. Straiki tatu ni auti. Boli nne, yaani mipira minne iliyorushwa nje ya eneo la kupigika, zinampa mpigaji besi ya kwanza bure. Mpira ukivuka uzio ndani ya mistari ni homurani: mpigaji na wote waliosimama kwenye besi wanarudi nyumbani, kwa hiyo pigo moja linaweza kuleta mkimbio mmoja, yaani pointi moja, au hata minne. Hayo yanatosha, mengine tutayaokota njiani.

Anza na karatasi

Kabla ya mchezo kila timu inatangaza wapigaji wake tisa kwa mpangilio, na mpangilio huo haugeuki mpaka mwisho. Mtu anaweza kutolewa na mwingine akaingia, lakini anaingia kwenye nafasi ileile, na aliyetoka harudi tena siku hiyo. Mimi huandika majina tisa ya kila timu kwa penseli. Mbele ya jina naweka K kwa anayepiga kwa kulia, S kwa anayepiga kwa kushoto, na KS kwa wale wanaobadilisha upande kutegemea mrushaji. Herufi hizi zitakusaidia sana baadaye, kwa sababu kwa kawaida mpigaji wa kushoto anapata shida zaidi kwa mrushaji wa kushoto, na wa kulia kwa wa kulia. Mpira unaopinda unamkimbia badala ya kumjia.

Halafu weka nyota kwa wenye nguvu. Uwe bahili. Yankees waliofika fainali, yaani World Series, mwaka 2024 walikuwa na wapigaji wengi wazuri, lakini mimi niliweka nyota tatu tu: Juan Soto, Aaron Judge na Giancarlo Stanton. Nyota ni kwa mtu ambaye akikosea mrushaji mara moja, mpira hauonekani tena.

Usimwondolee mtu nyota kwa sababu anapigwa straiki tatu mara nyingi. Reggie Jackson alipiga homurani 563 katika maisha yake, na ndiye pia anayeshikilia rekodi ya kutolewa kwa straiki mara nyingi kuliko mtu yeyote kwenye ligi kuu, mara 2,597. Anayezungusha gongo kwa nguvu zote atakosa mara nyingi. Hiyo ni bei ya nguvu, na timu zinailipa kwa kujua.

Hesabu zamu

Hapa ndipo penye utamu kwangu, na ndipo watazamaji wengi wanapopapita.

Iningi ya sita ikiisha, angalia ni nani aliyepiga wa mwisho, kisha hesabu mbele. Tuseme imeishia kwa mpigaji wa pili. Katika ya saba watakuja wa tatu, wa nne na wa tano. Wote wakitolewa, ya nane ni ya wa sita, wa saba na wa nane. Ya tisa ni ya wa tisa, wa kwanza na wa pili. Nyota wako anayepiga wa tatu amebaki nje kwa nafasi moja tu. Sasa mpigaji wa saba, mtu asiye na jina, akipewa boli nne katika iningi ya nane, watangazaji hawatasema kitu na mashabiki wataendelea na mazungumzo yao. Wewe mwenye karatasi umeona kwamba hesabu imesogea. Kama auti mbili hazitatoka kwa mpira mmoja, nyota atapiga katika iningi ya tisa.

Ndiyo maana mimi sipendi kabisa kuona mrushaji anampa besi ya bure mpigaji dhaifu mwishoni mwa mchezo. Si yule aliyeko kwenye besi anayenitisha, bali anayeinuka kwenye benchi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mchezo wa kwanza wa fainali ya 1988, tarehe 15 Oktoba, Los Angeles. Oakland Athletics wanaongoza 4 kwa 3, nusu ya chini ya iningi ya tisa, auti mbili. Mrushaji ni Dennis Eckersley, aliyekuwa amemaliza na kulinda ushindi mara 45 msimu ule, na katika msimu mzima alikuwa ametoa besi za bure 11 tu. Mpigaji ni Mike Davis wa Dodgers, timu ya Los Angeles, ambaye wastani wake wa kupiga mwaka ule haukufika hata .200, yaani pigo salama mara mbili kwa kumi. Kocha Tommy Lasorda alimweka Dave Anderson kwenye duara la mpigaji anayefuata, ili Eckersley aone kwamba anayekuja si wa kutisha. Davis alikuwa amecheza Oakland mwaka uliotangulia na alikuwa na nguvu, kwa hiyo Eckersley akamrushia kwa tahadhari, na mtu aliyekuwa hatoi boli nne akatoa boli nne.

Hapo Anderson akarudi benchi na Kirk Gibson akatoka. Gibson alikuwa ameumia miguu yote miwili. Kutembea kwenyewe kulikuwa kazi. Nyota yake kwenye karatasi hata haikuwepo, kwa kuwa hakuwa kwenye wapigaji tisa wa siku ile. Alikuja kama mpigaji wa akiba kwenye nafasi ya mrushaji, ambaye siku ile alikuwa mmoja wa wapigaji tisa. Akaupoteza mpira mmoja baada ya mwingine nje ya mstari, yaani akaugusa bila kuufikisha uwanjani, Davis akaiba besi ya pili, yaani akaikimbilia mpira ukiwa unarushwa kwa mpigaji, hesabu ikafika boli tatu na straiki mbili. Gibson amesimulia kwamba wakati huo alitoka kidogo kwenye eneo la kupigia akakumbuka maneno ya Mel Didier, mtu wa Dodgers wa kuwachunguza wapinzani: kwa mpigaji wa kushoto, hesabu ikiwa tatu kwa mbili, Eckersley hurusha slaida, mpira wa kupinda, inayotokea nje na kuingia ukingoni mwa bamba, lile la nyumbani mbele ya mpigaji. Slaida ikaja vilevile. Mpira ukaishia kwenye viti vya kulia, Dodgers wakashinda 5 kwa 4. Gibson hakupiga tena katika fainali nzima.

Ukiirudia video hiyo, usianzie kwa Gibson. Anzia kwa Davis.

Tazama glavu ya mdakaji

Kamera ya kawaida iko nyuma ya mrushaji, inakuonyesha mgongo wake, mpigaji na mdakaji aliyechuchumaa. Wengi wanamtazama mrushaji. Wewe tazama glavu. Mdakaji anaiweka pale anapotaka mpira ufike, na mpira unasafiri kutoka mita 18.44, ule wa maili 95 kwa saa, karibu kilomita 153, unafika kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Hutaweza kuufuata mpira kwa jicho na kuamua kama ni mzuri. Lakini glavu unaweza.

Mrushaji akiwa bado mzima, glavu inatulia au inasogea kidogo tu. Akianza kuishiwa, utaona mdakaji anaivuta kuvuka bamba: ameomba nje na chini, mpira umekuja ndani na juu, au mbaya zaidi, katikati. Mara ya kwanza naweka nukta kwenye karatasi. Nukta mbili kwa mpigaji mmoja zikitokea, naangalia ni nani anayefuata. Kama anayefuata ana nyota, hapo mimi siinuki kwenye kiti. Linganisha pia kasi inayoandikwa kwenye kona ya skrini. Mtu aliyekuwa akirusha maili 96 tangu mwanzo akishuka hadi 93 katika iningi ya saba, mwili umeshasema.

Kuna jambo jingine lisilohusu uchovu. Mrushaji aliyeanza mchezo anapokutana na mpigaji yuleyule kwa mara ya tatu, mpigaji ameshaiona mipira yake yote. Mameneja wanalijua hili vizuri, ndiyo maana siku hizi wanawatoa warushaji mapema kuliko zamani, na uamuzi huo ndio unaoleta mabishano makubwa kuliko yote.

Mchezo wa saba wa fainali ya 2019, Houston, Zack Greinke alikuwa anawatawala Washington Nationals na Astros wanaongoza 2 kwa 0 mpaka iningi ya saba. Anthony Rendon akapiga homurani, 2 kwa 1. Juan Soto akapewa boli nne. Greinke alikuwa amerusha mipira 80 tu, lakini meneja A.J. Hinch akamtoa na kumwingiza Will Harris. Howie Kendrick akaupiga mpira kwenda kulia, ukagonga nguzo ya mpaka, na kugonga nguzo ni homurani halali. Nationals wakaongoza 3 kwa 2, wakamaliza 6 kwa 2 na ubingwa. Mimi ningemwacha Greinke. Hata hivyo namwelewa Hinch: aliona homurani, kisha boli nne, na kwa mtu anayehesabu ishara hizo ni mbili mfululizo. Ukianza kuangalia mchezo namna hii, utabishana na mameneja kwa hoja badala ya kelele, na hapo ndipo mchezo unapokuwa wako.

Mara tu kamera ikionyesha mrushaji wa akiba akipasha mwili, angalia mkono anaorushia, kisha rudi kwenye zile herufi zako K na S. Tangu 2020 mrushaji anayeingia lazima akabiliane na wapigaji wasiopungua watatu au amalize nusu ya iningi, isipokuwa ameumia. Kwa hiyo meneja hawezi tena kuleta mtu wa mkono wa kushoto kwa ajili ya mpigaji mmoja tu na kumtoa, labda kama auti mbili zimeshapatikana. Soma wapigaji watatu wanaofuata kama fungu moja. Kama ni S, K mwenye nyota, S, umeshaona mahali ambapo meneja wa upande wa pili anataka mchezo ufike.

Hesabu ya boli na straiki

Hapa sitakaa sana. Boli zikizidi straiki, hasa mbili kwa sifuri na tatu kwa moja, mrushaji analazimika kuja kwenye eneo la kupigika na mpigaji anaweza kuchagua mpira mmoja na kuusubiri. Pete Alonso wa New York Mets alikuwa na tatu kwa moja tarehe 3 Oktoba 2024 huko Milwaukee, iningi ya tisa, timu yake ikiwa nyuma 2 kwa 0 na watu wawili kwenye besi, mchezo ambao aliyeshindwa anarudi nyumbani. Devin Williams akamrushia chenjiapu, mpira wake mashuhuri unaofanana na wa kasi kisha ukachelewa na kuanguka. Alonso, mpigaji wa kulia, hakuuvuta. Aliungoja ukaja, akausukuma upande wa kulia ukavuka uzio. Mets wakashinda 4 kwa 2.

Jifunze kuuona upande huo. Mpigaji wa nguvu anayekubali kuupeleka mpira upande wa pili hajakurupuka, alikuwa anaungoja.

Lakini usiifanye hesabu kuwa sheria. Joe Carter alipomaliza fainali ya 1993 kule Toronto kwa homurani ya mikimbio mitatu dhidi ya Mitch Williams, hesabu ilikuwa mbili kwa mbili. Bobby Thomson wa New York Giants mwaka 1951 alikuwa na straiki moja bila boli alipompiga Ralph Branca wa Brooklyn na kulichukua taji la National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Na wengine hawasubiri hata mpira wa pili, kama utakavyoona sasa hivi.

Besi ya bure ya makusudi

Meneja anaweza kumwogopa mpigaji kiasi cha kumpa besi ya kwanza bila kumrushia. Tangu 2017 inatosha kumwonyesha mwamuzi ishara tu. Barry Bonds alipewa hivyo mara 120 katika msimu wa 2004 peke yake. Tarehe 28 Mei 1998 Arizona walimpa hata besi zote zikiwa zimejaa, auti mbili, iningi ya tisa, wakiongoza 8 kwa 6. Mkimbio mmoja ukaingia bure, aliyefuata akadakwa, na Arizona wakashinda 8 kwa 7. Unapoiona ishara hiyo, usimwangalie anayekwenda besi ya kwanza. Angalia aliyebaki anapiga gongo hewani akisubiri.

Tarehe 25 Oktoba 2024, mchezo wa kwanza wa fainali, Dodgers na Yankees, Los Angeles. Nitauchukua pole pole kwa sababu mambo yote niliyoyasema yako ndani yake. Timu zilikuwa 2 kwa 2 baada ya iningi tisa. Katika msimu wa kawaida, iningi ya kumi huanza na mkimbiaji akiwa tayari besi ya pili. Katika mtoano sheria hiyo haitumiki, kila besi unaitafuta mwenyewe. Yankees wakaitafuta: Jazz Chisholm akapiga besi moja, akaiba ya pili, akaiba ya tatu, akaingia. 3 kwa 2.

Nusu ya chini. Karatasi yangu ilisema watatu wa juu wa Dodgers, Shohei Ohtani, Mookie Betts na Freddie Freeman, wako karibu lakini hawajafika. Auti moja ikapatikana. Gavin Lux akapewa boli nne. Tommy Edman akapiga mpira wa chini ambao haukutoka hata eneo la besi, akafika ya kwanza salama. Watu wawili kwenye besi, nafasi imegeuka, Ohtani anakuja: S mwenye nyota, aliyekuwa na homurani 54 msimu ule. Meneja wa Yankees, Aaron Boone, akamwingiza Nestor Cortes, mrushaji wa kushoto ambaye alikuwa hajarusha katika mchezo wowote tangu tarehe 18 Septemba kwa sababu ya jeraha. Wa kushoto kwa wa kushoto: kwa herufi za karatasi, uamuzi huo unaeleweka.

Mpira wa kwanza, Ohtani akaupaisha upande wa kushoto nje ya mstari. Alex Verdugo akakimbia, akaudaka, akapitiliza na kuangukia upande wa watazamaji. Auti ya pili. Shangwe zote zikamwendea Verdugo, nami nilimpigia makofi. Lakini mlinzi akidaka na kuangukia nje ya uwanja, wakimbiaji wanasogezwa besi moja kila mmoja. Sasa wako ya pili na ya tatu, na besi ya kwanza iko wazi.

Betts ni K, Cortes ni wa kushoto, anayefuata Freeman ni S. Boone akaonyesha vidole vinne, Betts akapewa besi. Mdogo wangu, tuliyekuwa tukiangalia pamoja, akauliza, "Kaka, mbona wanamwogopa Betts? Huyu anayefuata si anachechemea?" Ndilo hasa walilokuwa wakilifikiria. Freeman alikuwa ameteguka kifundo cha mguu wa kulia mwishoni mwa Septemba, na kabla ya siku ile mapigo yake yote katika mtoano wa mwaka ule yalikuwa ya besi moja. Lakini siku yenyewe, katika iningi ya kwanza, alikuwa amepiga mpira na kukimbia mpaka besi ya tatu. Nilimwonyesha mdogo wangu alama hiyo kwenye karatasi. Mguu uliokubali kukimbia besi tatu unaweza kusimamiwa.

Mpira wa kwanza ulikuwa wa kasi. Cortes alihitaji straiki, na asingeweza kucheza na boli wakati besi zote zimejaa na mkimbio wa kusawazisha uko ya tatu. Freeman alijua hilo. Aliuvuta kwenda kulia, akanyanyua gongo juu kwa mkono mmoja kabla haujatua. 6 kwa 3. Cortes alikuwa amerusha mipira miwili tu usiku mzima. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya fainali hizo mchezo kumalizwa kwa homurani ya besi zilizojaa. Na Boone aliyekuwa akitazama kutoka benchi, mwaka 2003 mwenyewe aliwapeleka Yankees fainali kwa homurani ya iningi ya 11 dhidi ya Boston, pia kwa mpira wa kwanza.

Mrushaji wa kumalizia si ukuta

Timu inayoongoza kidogo katika iningi ya tisa inamleta mrushaji wake mkali kuliko wote. Watazamaji wapya wakiona maili 100 kwa saa wanadhani imekwisha. Kwa ushahidi mfuate mtu mmoja tu, Aroldis Chapman, aliyerusha mpira wa maili 105.8 mwaka 2010, kilomita 170 kwa saa. Katika mchezo wa saba wa fainali ya 2016, Rajai Davis wa Cleveland alishika gongo juu kidogo ili liwe jepesi, akampiga homurani iliyosawazisha 6 kwa 6 katika iningi ya nane. Mwaka 2019 José Altuve wa Houston alimpiga slaida, 6 kwa 4, Astros wakaenda fainali. Mwaka 2020 Mike Brosseau wa Tampa Bay alipambana naye mpaka mpira wa kumi, ukiwa wa kasi kabisa, akaupeleka nje na kuwapa ushindi wa 2 kwa 1. Chapman ni miongoni mwa warushaji wakubwa wa kizazi chake, na hao watatu hawakumpiga kwa kubahatisha. Kila mmoja alikuwa na jibu: gongo fupi, mpira uliosubiriwa, au subira ya mipira tisa iliyotangulia.

Kwa hiyo mrushaji wa kumalizia akiingia, hesabu mipira anayorushiwa kila mpigaji. Mpigaji anayepoteza mpira wa tano, wa sita, wa saba nje ya mstari anazidi kuizoea kasi.

Mpira ukishapaa

Vipimo vya viwanjani, vilivyoanza kutumika katika viwanja vyote vya ligi mwaka 2015, vinaonyesha kwamba pigo bora linaanzia kasi ya maili 98 kwa saa kutoka kwenye gongo, likipanda kwa nyuzi kati ya 26 na 30. Juu zaidi, mpira unaning'inia na kudakwa. Chini zaidi, unagonga uzio. Kwa macho huwezi kupima nyuzi, kwa hiyo mwangalie mlinzi wa nyuma. Akirudi kwa hatua fupi huku akitazama juu, ataudaka. Akigeuza mgongo na kukimbia kisha akanyoosha mkono kuutafuta uzio, bado kuna shaka. Akisimama tu, imekwisha.

Uwanja nao una neno. Yankee Stadium upande wa kulia kwenye mstari ni futi 314, chini ya mita 96, ndiyo maana wapigaji wa kushoto wanaupenda. Fenway Park ya Boston ina ukuta wa kushoto wenye urefu wa zaidi ya mita 11, unaomeza mipira ya chini ambayo kwingine ingetoka. Denver iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unasafiri mbali zaidi. Andika jambo moja kuhusu uwanja juu ya karatasi kabla ya kuanza.

Na homurani ikishapigwa, uliza kwanza: ni nusu ya juu au ya chini? Mwenyeji akiongoza katika nusu ya chini ya ya tisa au baadaye, mchezo umeisha hapohapo. Mgeni akipiga, mwenyeji bado ana zamu. Siku ile ya Altuve, DJ LeMahieu wa Yankees alikuwa amesawazisha dakika chache kabla, nusu ya juu ya iningi ileile. Pigo la Rajai Davis nalo halikuipa Cleveland ubingwa: mvua ikasimamisha mchezo, Chicago Cubs wakashinda 8 kwa 7 katika iningi ya kumi.

Ukitaka kujifua, tafuta rekodi nzima ya mchezo ule wa 25 Oktoba 2024 na uianzie iningi ya nane, ukiwa na karatasi ya majina tisa tisa. Simamisha video kila kabla ya uamuzi: nani aingie kumrushia Ohtani, Betts apewe besi au arushiwe, mpira wa kwanza kwa Freeman uwe wa aina gani na wapi. Andika jibu lako kwanza, kisha bonyeza iendelee.